Giza la Bati

Jukwaa tulilipima kwa nyayo, si kwa futi.
Hatua sita za Mize hadi kwa muuza vicheko,
tisa za Faki, maana Faki miguu yake mifupi,
na chini ya mikeka nikapitisha kamba ya makumbi
ili kisigino kijue: hapa ndipo mwisho,
ukivuka utaangukia mapajani mwa mgeni rasmi.

Nami, nikijiona mjuzi, nikaleta kikapu cha makonyo
kiwe alama ya mlango wa kutokea.
Shaame akacheka mpaka akakaa chini.
"Mwalimu, Wete nzima yanukia karafuu.
Wataka tutokee wapi, bandarini?"
Nikakiondoa. Tukaweka saa ya mezani,
ile mbovu, ikimbiayo dakika kumi kwa siku:
wakati haiujui, lakini yajua kusema ilipo.

Mchezo waliuita Duka la Sauti.
Mize anaingia na senti zake kwenye fundo la leso,
autafuta mlio wa bangili za bibi yake,
bangili zilizouzwa kulipa deni la mtu mwingine.
Kila muuzaji anaimba bidhaa yake:
kufuli, kinu, mbuzi ya kukunia nazi,
mlango wa jirani arudiye usiku viatu mkononi.
Maneno yote waliyatunga wao.
Changu kilikuwa kinanda tu,
na kinanda chenyewe vidude viwili havilii.

Miezi mitatu mama yake Raya alisimama dirishani
akiniuliza lilelile:
"Watu watakuja kuwatazama, au kuwahurumia?"
Nilimpa sindano na uzi. Akatushonea pazia.

"Pazia lafanya nini?" akauliza Faki.
Linawaficha, nikamwambia, mpaka wakati ufike.
Akalipapasa, akalipapasa.
"Linatuficha sisi, au wao?"

Siku ikafika. Skuli ikajaa mpaka madirishani.
Sehemu ya kwanza ilipita kama maji mferejini.
Ya pili, Mize katikati, kinywa kiko kwenye neno *bangili*,
mvua ikashuka juu ya paa.

Mvua gani! Gunia la kokoto limepasuka.
Sisi wenye macho bati hatulijui.
Taa zote zilikuwa zinawaka
na watoto wangu wakaingia gizani mbele yangu,
mmoja mmoja.
Saa ikafutika. Kinanda kikafutika.
Raya akanyoosha mkono, akashika hewa.
Nikapiga ukelele, "Hatua ya tatu!"
na mwenyewe sikujisikia.

Ndipo Shaame akafanya nisilomfundisha.
Akaiacha ngoma, akainuka,
akaanza kuzikanyaga mbao kwa kisigino,
mbili, moja,
mbili, moja,
na sauti ikapita chini, ilikokuwa na njia.
Faki akaijibu kwa mguu wake.
Raya akaipata kamba kwa kidole gumba.
Wote saba wakasimama penye pao,
na Mize akaendelea palepale alipokatwa.

Mishipa ya shingo ikawatoka,
vinywa vikafunguka na kufumba kwa pamoja,
na ukumbi mzima, na macho yake yote,
haukupata hata neno.
Mgeni rasmi aliinama, kiganja sikioni.
Watu wakatazamana, kila mmoja akidhani
labda mwenziwe anasikia.
Mama yake Raya akatoka kwenye kiti,
akaja mbele, akaweka mkono ukingoni mwa mbao,
akauacha hapo.
Kisha jirani yake.
Kisha mlinzi wa mlangoni, kofia kwapani.

Mvua ilipochoka, wimbo ulikuwa umebaki mkia.
Tulichokisikia ni hiki tu:
*ndio huo, ndio huo, usinipimie, nipe wote.*

Walipotoa heshima walielekea ukutani kidogo.
Sikuwageuza.

Nyuma ya pazia Faki alinivuta shati.
"Mwalimu, ile ya mwisho ilikuwa makofi au mvua?"
Vyote viwili, nikasema.
Akakunja uso, akahesabu kichwani.
"Basi andika nusu."